Perege Madume Matupu: Homoni, Hofu na Hesabu ya Mfugaji wa Kwale

Mlaji wa Diani, Gazi au Msambweni anamjua samaki wa bahari kwa jina, kwa msimu na kwa ladha. Tasi, changu, pono na kolekole hawahitaji kuelezwa. Perege wa bwawani ni mgeni, na mgeni huyu ametanguliwa na maneno: analishwa homoni, amegeuzwa jinsia, anayemla anajitafutia maradhi. Mwaka 2018, mabishano kuhusu samaki walioagizwa kutoka Uchina yaliongeza shaka juu ya kila samaki asiyetoka kwa mvuvi anayejulikana. Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoondoa marufuku ya miaka kumi dhidi ya vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, ikawa rahisi kumtia perege wa kufugwa katika kapu hilo hilo.

Upande wa pili yuko mfugaji. Ushauri anaopewa karibu kila mahali ni mmoja: nunua vifaranga vya madume matupu. Akiuliza hupatikanaje, huambiwa ni kwa homoni, na wateja wake ndio hao hao wanaoiogopa. Akiukubali ushauri anahofia kupoteza soko. Akiukataa anahofia kupoteza bwawa. Makala haya yanapanga hoja za kila upande, yanazipima, kisha yanaonyesha hatari iko wapi na inamwangukia nani.

## Mambo matatu yaliyochanganywa

Ndani ya msemo "samaki wa homoni" mna mambo matatu tofauti. La kwanza ni kugeuza jinsia: vifaranga vichanga vya perege hupewa chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu au nne za mwanzo, ili karibu wote wakue kuwa madume. Baada ya hapo homoni haitumiki tena. La pili ni kubadilisha vinasaba, yaani kuingiza au kuhariri jeni maabarani. Kugeuza jinsia hakugusi jeni hata moja: samaki aliyezaliwa na vinasaba vya jike hubaki navyo mpaka siku ya kuvuliwa, ingawa mwili wake ni wa dume. La tatu ni kumpa mnyama homoni za kunenepesha kabla ya kuchinjwa, kama wanavyofanyiwa ng'ombe wa nyama Marekani. Perege hafugwi hivyo. Kutia homoni katika chakula cha miezi sita kungemwongezea mfugaji gharama.

Kugeuka jinsia kwenyewe si kitu kigeni baharini. Pono wengi na chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Pono dume wa rangi ya kijani na samawati anayekaangwa na mama karanga wa pwani ya kusini huenda aliwahi kutaga mayai. Perege hana tabia hiyo. Jinsia yake huamuliwa mapema na vinasaba, joto la maji likichangia kiasi, na ikishajipanga haigeuki tena. Ndiyo maana anayetaka kuigeuza lazima amwahi kifaranga katika siku zake za mwanzo kabisa.

## Kwa nini mfugaji anamkimbia jike

Perege wa Naili, Oreochromis niloticus kwa jina la kitaalamu, ndiye anayefugwa zaidi nchini Kenya. Anastahimili maji duni, anakula karibu kila kitu, na anazaa kupita kiasi. Sifa hii ya tatu ndiyo shida. Bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi miwili au mitatu, wakati mwingine hajafika hata gramu 50. Jike akishataga na dume akarutubisha, jike huyaokota mayai kwa kinywa na kuyaatamia humo mpaka watoto waweze kujitafutia, yapata siku kumi hadi wiki mbili. Muda huo wote karibu hali kitu. Wiki chache baadaye anaanza upya. Chakula ambacho kingekuwa nyama kinaishia kwenye mayai, na siku ambazo angenenepa anafunga.

Hasara kubwa zaidi iko kwa watoto wenyewe. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza 2009 ulieneza nchini mabwawa ya mita za mraba 300, kila moja likipandwa vifaranga 1,000. Tuseme nusu yao ni majike, na robo tu ya majike hao wamezaa mara moja tu, kila mmoja watoto 200. Hao ni watoto 25,000 katika bwawa lililopangiwa samaki 1,000. Chakula ni kile kile, na oksijeni majini ni ile ile. Mwisho wa msimu mfugaji anatoa ndoo kadhaa za samaki waliodumaa, ilhali aliyekuwa na madume matupu, akilisha vizuri, anavuna samaki wa gramu 250 hadi 300 baada ya miezi sita hadi minane.

Pwani hali inakuwa ngumu zaidi. Sagana, chini ya Mlima Kenya, ambako kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki kimekuwapo tangu 1948, maji ya baridi humchelewesha perege kukua na pia kuzaa. Kwale maji ya bwawa huwa na joto karibu mwaka mzima. Joto hilo ni neema kwa ukuaji, lakini ndilo pia linaloharakisha uzazi. Kwa hiyo mfugaji wa Msambweni ana sababu nzito kuliko mwenzake wa Nyeri ya kutaka madume matupu.

Soko nalo lina kauli yake. Hoteli za Diani zinataka samaki wa kujaa sahani. Mama karanga anaweza kuuza perege wadogo waliokaangwa, kwa kuwa mteja wake hununua kwa fungu na kwa bei anayoimudu, hasa msimu wa kusi bahari inapochafuka na vyombo vidogo kushindwa kutoka. Basi samaki mdogo hatupwi, ila bei yake mara nyingi hairudishi gharama ya chakula alichokula. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa Kenya ulipanda hadi zaidi ya tani 24,000 mwaka 2014, kisha ukaporomoka ruzuku zilipokwisha. Chakula ghali na mbegu duni ya samaki vilikuwa miongoni mwa sababu.

## Njia ilikotoka

Wazo la kufuga madume peke yao ni la zamani kuliko homoni. Wafugaji wa mwanzo walichambua kwa mkono: samaki anageuzwa tumbo juu, nyuma ya tumbo dume anaonekana na matundu mawili na jike matatu, majike wanatolewa. Kazi hiyo ni ya kuchosha, ina makosa, na samaki lazima awe amekua kiasi ndipo aonekane, maana yake ni kuwalisha majike kwa wiki kadhaa kisha kuwaondoa.

Hatua iliyofuata ina mkono wa pwani yetu. Mwaka 1960 Mwingereza C. F. Hickling, aliyekuwa akifanya utafiti Malacca nchini Malaysia, alichapisha matokeo ya kuwapandisha perege majike waliotoka Java na madume waliotoka Zanzibar. Watoto walitoka karibu wote madume. Baadaye ilibainika kwamba samaki wa Zanzibar alikuwa aina nyingine kabisa, perege wa mto Wami wa Tanganyika, ambaye mpangilio wake wa kromosomu za jinsia ni tofauti. Ufugaji wa madume matupu ulianza kuaminika duniani kwa samaki wa Afrika Mashariki.

Homoni ilifuata. Mwaka 1968 Wamarekani Clemens na Inslee walionyesha kwamba methiltestosteroni, homoni ya kiume iliyotengenezwa kiwandani, ikitiwa katika chakula cha vifaranga vya perege huwafanya wote madume. Katika miaka ya 1970 na 1980 kipimo na muda vikarekebishwa, na kutoka Ufilipino na Thailand njia hii ikaenea Misri, Amerika ya Kusini na hatimaye Afrika Mashariki. Ilishinda nyingine kwa sababu haidai kutunza aina mbili za samaki zisichanganyike, wala haimpotezei mfugaji nusu ya vifaranga.

## Kazi yenyewe katika kituo cha vifaranga

Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 60 za homoni kwa kila kilo moja ya chakula. Homoni haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo huyeyushwa katika spiriti, ikamwagiwa chakula kilichosagwa kikawa unga laini, kikakorogwa, kisha kikaanikwa kivulini mpaka spiriti iishe kuruka. Hakianikwi juani kwa kuwa mwanga wa jua huivunja homoni. Kikishakauka huwekwa mahali pa baridi.

Vifaranga vinavyofaa ni vile vilivyomaliza kiini cha yai na kuanza kula, urefu wake kama milimita tisa hadi kumi na moja. Huwekwa katika vizimba vya neti au matangi na kulishwa mara nne au zaidi kwa siku, kwa siku 21 hadi 28. Kazi ikifanywa sawasawa, madume hufika asilimia 95 na kuzidi. Kifaranga kilichochelewa hakigeuki. Tezi zake za uzazi zimeshaamua. Hali kadhalika kifaranga kinachoshiba vijidudu vya majini badala ya chakula chenye homoni. Uzembe wa siku chache, au chakula kilicholala juani, unatosha kushusha kiwango hadi asilimia 80.

Asilimia hizo si jambo dogo. Kati ya vifaranga 1,000, asilimia tano ni majike 50. Asilimia 20 ni majike 200, na bwawa hilo halitofautiani sana na lile lisilogeuzwa. Na hakuna jicho linaloweza kumtenga jike na dume katika kifaranga cha gramu moja. Mfugaji ananunua kwa kuaminiana.

## Wanaoitetea

Watetezi, wengi wao wakiwa wenye vituo vya vifaranga na maafisa wa uvuvi, wana hoja tatu zenye uzito. Kwanza, ni njia nafuu: homoni inayotumika ni ndogo mno na haihitaji maabara kubwa. Pili, inafanya kazi, na imefanya kazi kwa miongo kadhaa katika nchi zinazolisha mamilioni ya watu kwa perege. Tatu, hata wakali wa sheria za chakula wameiachia nafasi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1996 linalopiga marufuku homoni kwa mifugo linaruhusu dawa za homoni ya kiume zilizoidhinishwa kwa samaki wachanga, katika miezi mitatu ya kwanza, kwa ajili ya kugeuza jinsia. Marekani nayo huiruhusu chini ya utaratibu wa dawa zinazoendelea kuchunguzwa.

Udhaifu wa utetezi huu uko katika hoja ya tatu. Ulaya na Marekani hazikuruhusu unga wa homoni usio na lebo uuzwe mkono kwa mkono; ziliruhusu dawa yenye usajili, kumbukumbu na mtu wa kuwajibika. Ruhusa hiyo haiwezi kuazimwa nusu, ukachukua kibali ukaacha masharti. Tena hoja ya kwamba inafanya kazi ni kweli pale tu kituo kinapojua kazi.

## Wanaomhofia mlaji

Hofu kuu ya mlaji ni kwamba homoni inabaki katika nyama. Hesabu yaweza kufanywa. Kifaranga huanza na uzito wa kama gramu 0.01 na kumaliza siku 28 akiwa na sehemu tu ya gramu moja. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba amekula nusu gramu ya chakula, homoni yote iliyopita kinywani mwake ni miligramu 0.03. Methiltestosteroni ni dawa pia kwa binadamu, na wanaume wenye upungufu wa homoni huandikiwa miligramu 10 au zaidi kwa siku. Ili mtu afikie kipimo cha chini cha siku moja angelazimika kula zaidi ya samaki 300 kwa mkupuo, tena tukichukulia kwamba hakuna hata chembe iliyotoka mwilini mwa samaki.

Lakini inatoka. Tafiti zilizofuatilia homoni iliyotiwa alama ya mnunurisho ndani ya vifaranga zilionyesha kwamba sehemu kubwa huondoka ndani ya siku chache baada ya kuacha kuila, na kinachobaki ni chini ya asilimia moja. Kisha samaki huyo anaongezeka uzito mara mamia kabla ya kuuzwa. Perege wa gramu 300, miezi mitano au sita baada ya dawa, hana cha kumdhuru mlaji kutokana na dawa ile.

Hesabu hii ina masharti mawili yanayopaswa kusemwa wazi. Inasimama ikiwa kipimo kilifuatwa, na ikiwa anayeliwa ni samaki mkubwa. Vifaranga vilivyokufa katikati ya dawa visitupiwe kuku wala bata, na asiwepo mtu wa kuuza samaki kabla ya miezi kupita.

Kwa jamii ya Kwale, ambayo sehemu kubwa ni Waislamu, liko pia swali la halali na la kubadili maumbile. Hukumu ni ya wanazuoni, si ya mwandishi wa makala. Wanachohitaji kutoka kwa wataalamu ni picha kamili ya jambo: spiriti iliyotumika kuyeyusha homoni huruka chakula kinapokauka; homoni hutengenezwa kiwandani; samaki habadilishwi vinasaba; na dawa huishia utotoni. Kufichwa kwa mambo haya ndiko kunakozaa uvumi. Mteja anayegundua mwenyewe jambo ambalo muuzaji alinyamazia haamini tena hata lile la kweli.

## Wanaohofia maji na mikono

Kundi la tatu halisikiki sana sokoni, lakini hoja zake ndizo nzito kuliko zote. Homoni isiyoliwa, pamoja na ile inayopita mwilini mwa samaki, huingia majini. Watafiti waliopima mabwawa ya kugeuzia jinsia wameikuta katika tope la chini wiki kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Majini huvunjwa na mwanga na bakteria. Kwenye tope lenye giza huchukua muda.

Tupige tena hesabu. Kituo kinachogeuza vifaranga 100,000 kwa mwezi, kila kimoja kikipewa nusu gramu ya chakula, kinatumia kilo 50 za chakula, yaani gramu tatu za homoni. Gramu tatu ni kidogo kwa macho. Ila gramu moja ikienea katika lita milioni moja za maji, kila lita hubeba nanogramu 1,000, na samaki wa aina mbalimbali wameonekana kuathirika na homoni za kundi hili kwa viwango vya makumi ya nanogramu kwa lita. Athari hizo ni pamoja na majike kuota viungo vya kiume, na hata kinyume chake, kwa kuwa mwili wa samaki unaweza kuigeuza homoni hii ikawa ya kike.

Jiografia ya Kwale haisaidii hapa. Ukanda wa Diani hadi Msambweni umelala juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe uliojaa mianya, ambamo maji hupenya upesi bila kuchujwa vya kutosha. Juu ya mwamba huo huo vijiji vingi vinategemea visima vifupi na pampu za mkono zilizoenezwa tangu miaka ya 1980, na visima vya Tiwi vinalisha Ukunda na Diani. Kituo cha vifaranga kinachomwaga maji yake kwenye shimo la nyuma ya nyumba pale Nyeri, penye udongo mzito, na kingine kinachofanya vivyo hivyo Tiwi, havitendi jambo moja. Chini zaidi kuna vijito vinavyoishia kwenye mikoko ya Gazi na Funzi, mahali wanapokulia samaki wa bahari.

Kuna pia mikono. Anayepima unga wa homoni na kuukoroga bila glavu wala barakoa anaweza kugusa na kuvuta kwa siku moja homoni nyingi kuliko atakayoipata mlaji maishani. Kwa mwanamke mjamzito hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu homoni ya kiume inaweza kuathiri mtoto wa kike tumboni. Ikitumiwa kwa muda mrefu, methiltestosteroni inajulikana kudhuru ini. Mfanyakazi huyu hana chama wala mteja wa kumtetea.

## Njia mbadala na bei yake

Kuchambua kwa mkono hakuhitaji dawa. Kwa mfugaji mwenye bwawa moja na watu wa nyumbani wa kumsaidia bado kunawezekana. Bei yake ni kupoteza nusu ya samaki na makosa ya macho.

Kambale kama mlinzi. Kambale wachache wakiwekwa bwawani perege wakishakua kidogo huwala watoto wanaozaliwa, na wao wenyewe ni mavuno. Njia hii haiondoi gharama ya majike wanaofunga kula, na pwani kuna walaji wasiomzoea kambale. Hata hivyo ni bima nzuri juu ya vifaranga vya madume ambao si kamili.

Joto. Vifaranga vikikaa katika maji ya karibu nyuzi 36 siku za mwanzo, madume huongezeka. Matokeo hutofautiana kati ya ukoo na ukoo, vifo huongezeka, na umeme una bili.

Mimea. Mbegu za papai na mwarobaini zimejaribiwa katika nchi kadhaa, na baadhi ya majaribio yameonyesha kupunguza uzazi. Matokeo hayajatulia kiasi cha mfugaji kuyawekea mtaji. Na kitu kinachovuruga uzazi wa samaki hakiwi salama kwa sababu tu kimechumwa mtini.

Dume wa YY. Jike wa perege wa Naili ana kromosomu mbili za X, dume ana X na Y. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Swansea, Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Ufilipino, walitengeneza katika miaka ya 1990 madume wenye Y mbili. Kila mtoto wa dume huyo hurithi Y, hivyo karibu wote huwa madume. Homoni hutumika kwa mababu wachache tu. Samaki anayefika sokoni hajawahi kuigusa. Bei yake ni miaka ya kazi, kumbukumbu zisizo na dosari, na ukoo usiochanganyika. Si kazi ya kituo kidogo cha kijijini.

Kubadili samaki. Mwatiko, anayefugwa katika mabwawa ya maji ya chumvi pwani, hazai bwawani, kwa hiyo tatizo lote la majike linatoweka. Shida yake ni vifaranga, ambavyo hukusanywa kwa msimu kutoka kwenye mikono ya bahari. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, imeanzisha Shimoni kituo cha kitaifa cha ufugaji wa viumbe wa baharini, na swali la mbegu ya mwatiko ni miongoni mwa yanayostahili kujibiwa hapo.

Hoja ya kubadili samaki ina upande mwingine. Perege wa Naili si mwenyeji wa mito ya Kwale. Katika Ziwa Victoria, alikoingizwa miaka ya 1950, perege wa asili walikaribia kutoweka, yeye akiwa mmoja wa visababishi pamoja na sangara na uvuvi wa kupindukia. Katika mito na mabwawa ya Tanzania amekutwa akichanganya damu na perege wenyeji. Madume matupu wakitoroka wakati wa mafuriko ya Ramisi au Umba hawawezi kuanzisha ukoo peke yao, na hilo ni jambo la kuisifia homoni. Lakini majike watano katika kila mia wanatosha kuivunja sifa hiyo, na madume wenyewe wanaweza kuwapanda majike wenyeji.

## Mizani

Zikiwekwa kwenye mizani, hoja hizi hazilingani. Hofu ya mlaji ndiyo yenye sauti kubwa, na ndiyo yenye ushahidi mdogo. Hatari ya maji na ya mfanyakazi ndiyo yenye sauti ndogo, na ndiyo yenye ushahidi. Kati yao kuna hasara ya mfukoni ambayo haihusiani na usalama kabisa: mfugaji anayelipia madume matupu akapewa mchanganyiko.

Kupiga marufuku homoni leo kusingeiondoa. Kungeihamishia gizani, kipimo kikawa cha kukisia na maji machafu yakamwagwa usiku. Kuiachia huru nako kungezaa vituo vidogo kila kijiji, kila kimoja na mfereji wake juu ya mwamba wenye mianya. Kinachofaa Kwale ni vituo vichache vya kugeuza jinsia, vilivyosajiliwa, mbali na visima vya kunywa, vyenye matangi ya kutuamisha maji na uchujaji kabla ya kuyaachilia, na tope linalozolewa na kutupwa pasipofika majini. Wengine wote wanunue vifaranga vilivyokwisha kugeuzwa. Kwa mpango huo homoni inabaki mahali pachache panapoweza kukaguliwa.

Mfugaji naye anahitaji kipimo, si ahadi. Njia ipo, na ni rahisi: sampuli ya vifaranga mia kutoka kila kundi, tezi zao zikapakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini ya kawaida. Afisa wa uvuvi wa kaunti akiwa na hadubini hiyo na kitabu cha kumbukumbu, kituo kitauza kwa asilimia iliyopimwa.

Na kuna onyo moja ambalo wafugaji hawaambiwi vya kutosha. Karibu nusu ya madume waliogeuzwa wana vinasaba vya jike. Mfugaji akichagua wazazi kutoka kundi zima bila kujua yupi ni yupi, akawapandisha na majike wa kawaida, kwa wastani robo tu ya watoto ndio watakuwa madume. Anayetaka kubana matumizi kwa kujizalishia mbegu kutoka kwa samaki waliogeuzwa atajaza bwawa majike, kisha ailaumu homoni.

## Kwa muhtasari

Perege aliyegeuzwa jinsia si samaki wa vinasaba vilivyobadilishwa, wala si samaki anayenenepeshwa kwa homoni. Hugeuzwa kwa sababu jike huharibu hesabu ya bwawa, na joto la pwani huzidisha uharibifu huo. Kwa mlaji, dawa ya wiki nne iliyotolewa miezi mitano kabla haina uzito wa hofu inayobebeshwa, maadamu kipimo kilifuatwa na ukweli haukufichwa. Kwa maji ya Tiwi na Msambweni, na kwa mfanyakazi anayekoroga unga, hatari ni halisi na inazuilika kwa mahali, vifaa na usimamizi. Njia mbadala zote zina bei: kuchambua kwa mkono na kambale zinamfaa mfugaji mdogo sasa hivi, dume wa YY ni kazi ya taasisi ya taifa, na mwatiko ndiye mwenye mustakabali katika maji ya chumvi iwapo mbegu yake itapatikana. Mpaka hayo yakomae, homoni itaendelea kutumika. Jambo la kuamuliwa Kwale ni nani aruhusiwe kuitumia, akiwa wapi, na maji yake yaishie wapi.